Riwaya za Distopia Zenye Shujaa wa Kike: Ipi Ununue, Ipi Uiache Rafuni

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana. Mzazi anamnunulia binti yake riwaya ya distopia, yaani hadithi ya jamii ya kubuni iliyoharibika au inayotawaliwa kwa ukatili, kwa sababu jalada limemwahidi shujaa wa kike, binti anaimaliza, kisha anauliza mbona wanawake wengine wote humo ni maiti au mahasidi.

Swali la binti huyo ndilo kipimo changu. Kasi ya hadithi na ubunifu wa ulimwengu wake utavisoma kwa wahakiki wengine. Mimi natazama wanawake walio kando ya shujaa. Mama yupo, au kauawa mapema? Rafiki ana akili yake, au amewekwa afe ili shujaa apate hasira? Na yule mtawala katili, mbona mara nyingi ni mwanamke mtu mzima, msomi? Kitabu kinachomwinua msichana mmoja kwa kuwadidimiza wenzake hakijamtetea mwanamke yeyote, hata shujaa wake awe hodari wa upinde namna gani.

Nafasi ya kwanza naipa Parable of the Sower ya Octavia Butler, iliyotoka 1993, na upendeleo wangu kwa mwandishi huyu siufichi. Haikuandikwa kwa vijana peke yao, lakini Lauren Olamina ana miaka 15 hadithi inapoanza mwaka 2024, katika mtaa uliozungushiwa ukuta karibu na Los Angeles. Amezaliwa na hali ya kuhisi maumivu ya kila anayemwona akiumia, kwa hiyo akimpiga adui, anaumia naye. Sijaona mwandishi mwingine aliyeufanya ujasiri wa msichana uwe na gharama kubwa hivyo. Mtaa unapoteketezwa, Lauren anajifanya mwanamume na kushika njia ya kaskazini pamoja na manusura wenzake, Harry na Zahra. Zahra alikuwa mke mdogo wa jirani mwenye wake kadhaa. Yeye ndiye anayejua maisha ya nje ya ukuta, naye Lauren anamfundisha kusoma. Mbele wanajiunga nao wanawake wengine, wakiwemo dada wawili waliomtoroka baba yao mkatili. Hakuna aliyewekwa pale kupamba. Ukatili wa kitabu hiki ni mzito, na mwanamume anayependana na Lauren amemzidi umri mara tatu, kwa hiyo kisome wewe kwanza kabla ya kumpa binti mdogo.

Ya pili ni The Hunger Games ya Suzanne Collins, vitabu vitatu vya 2008 hadi 2010. Nunua vyote. Shujaa Katniss anajitoa badala ya mdogo wake Prim kuingia katika mashindano ya vijana kuuana yanayoonyeshwa kwenye televisheni, na uwanjani anaungana na Rue, mtoto wa miaka 12. Ndiyo, Rue anakufa, lakini kifo chake kinageuka jambo la kisiasa: Katniss anaupamba mwili wake kwa maua mbele ya kamera, na wilaya ya Rue inamtumia mkate. Katika kitabu cha pili anaingia Johanna Mason, mkali, asiyemnyenyekea Katniss hata kidogo. Wanawake wa aina hii ni adimu katika riwaya hizi.

Uglies ya Scott Westerfeld, ya 2005, inafuata. Kila kijana akifika miaka 16 anafanyiwa upasuaji wa kumpendezesha, na Shay ndiye anayemfumbua macho shujaa, Tally. Urafiki wao ndio moyo wa kitabu, kisha mwandishi anauharibu kwa sababu ya mvulana mmoja. Jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Divergent ya Veronica Roth, ya 2011, nunua kitabu cha kwanza tu. Mama wa shujaa, Tris, ana siri na ushujaa wake mwenyewe. Kufika kitabu cha tatu, nusu ya usimulizi amepewa mpenzi wa Tris.

The Selection ina wasichana 35 wanaomgombea mwanamfalme mmoja. Isome kwa burudani. Vile vitabu vya bei rahisi vya kielektroniki vyenye msichana na upinde jaladani, pita.

Sasa wauzaji. Filamu ikitoka, jalada linabadilishwa, bei inapanda, na maneno ndani ni yaleyale. Seti zinafungwa kwa nailoni usiweze kufungua ukurasa. Kuna seti ya Divergent yenye kitabu cha nne, hadithi zinazosimuliwa na mpenzi wa Tris. Umekuja kumnunulia binti shujaa wa kike, unalipia maisha ya mvulana. Na Butler, aliyewatangulia wote hawa, anafichwa kwenye rafu ya watu wazima, ambako msichana wa miaka 16 hapiti. Usimtafute kwa macho. Mwulizie kwa jina, na wakikuambia hayupo, waambie wamwagize.