Seti ya filta ya oili kwenye Beetle ya zamani: nyota moja, kisha nikabadilisha

Volkswagen Beetle yangu ni ya mwaka 1969, marehemu baba ndiye aliyeniachia. Wenye magari haya wanajua kwamba injini ile haikutoka kiwandani na filta ya oili. Kuna chujio la waya tu pale chini, unalitoa, unaliosha kwa petroli, unalirudisha na gasketi mpya. Takataka kubwa linazishika, lakini uchafu laini unazunguka na oili mpaka siku ya kumwaga. Kwa hiyo nilipoipata hii seti ya kuongezea filta nilifurahi kweli.

Na seti yenyewe, niwe mkweli, imetengenezwa vizuri. Mfuniko wa pampu ulikaa bila kuvuja hata tone, mipira ya kupitishia oili ni minene. Oili inatoka kwenye pampu, inapita kwenye filta, halafu inarudi ndani kupitia tundu linalotobolewa ubavuni mwa injini, kwenye njia kuu inayolisha beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni.

Tundu hilo ndilo lililoniliza.

Fundi niliyempelekea alilitoboa injini ikiwa imefungwa vilevile. Alipaka grisi kwenye drili, akapaka na kwenye tepu ya kukatia hesi, akasema grisi itabeba chenga zote. Akapuliza kompresa mara mbili, akaanza kufunga mpira. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikamuuliza, "Fundi, na zilizodondokea ndani je?" Akanijibu bila hata kugeuka: "Bosi, kama kazi unaijua, ungefanya mwenyewe."

Nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Maana angalia tundu lenyewe liko wapi: liko baada ya filta. Chenga ikibaki pale haina wa kuizuia. Ukiwasha tu gari, oili inaisukuma moja kwa moja kwenye beringi.

Wiki chache baadaye taa ya oili ikaanza kupepesa kila injini ikipata moto na kukaa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyaga mafuta. Nikaimwaga oili kwenye beseni jeupe, nikaliweka juani. Ilikuwa inameta. Nilichovya kidole, kikatoka na chenga nyembamba zilizojikunja kama kucha za mtoto mchanga.

Nikambebea beseni lile lile. Fundi akachukua sumaku, akaipitisha juu ya oili, haikushika kitu. "Unaona? Si chuma. Hiyo ni oili tu inang'aa." Vijana wanaojifunza kwake wakacheka. Jamani, mwili wa injini ile ni aloi ya magnesi, metali nyepesi ambayo si chuma! Sumaku itaishikaje magnesi? Mtu ametoka kuitoboa kwa mikono yake, na hajui ametoboa nini! Sijawahi kukasirika vile kwenye gereji.

Usiku huo huo niliipa seti nyota moja na kuwaambia watu wasiiguse. Karatasi ya maelekezo ina mchoro mzuri wa mahali pa kutoboa, lakini hakuna hata mstari mmoja unaosema injini ipasuliwe kwanza, yaani ifunguliwe vipande. Hilo sijawasamehe. Mtengenezaji anayekuuzia kitu cha kutoboa moyo wa injini anapaswa kukuonya kwa herufi kubwa.

Ila nyota ile nimeifuta. Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, aliishusha injini na kuipasua. Alinipa beringi niipitishie ukucha. Ukucha ukawa unakwama kwenye mikwaruzo. Kisha akaikata filta, akaukunjua ule mkunjo wa karatasi mezani. Zilikuwa humo, nyingi mno. Kila chenga iliyokwisha kukwaruza beringi ikadondokea chini kwenye oili, filta iliikamata isipite mara ya pili. Nilikuwa nimeilaani bure. Isingekuwepo, pengine krenki yenyewe ingekwenda.

Mzee alitoa vizibo vyote vya njia za oili, akasugua ndani kwa brashi ndefu na petroli, akapuliza, akarudia, akapuliza tena mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Akafunga beringi mpya. Kabla ya kuwasha aliuchomoa waya wa koili ili injini isiwake, akapiga stata mpaka taa ya oili ikazima, ndipo akaurudisha.

Basi seti naipa nyota nne. Tatu nikikumbuka ile karatasi. Ukiinunua, mtafute kwanza fundi atakayekubali kuipasua injini, na akikataa, irudishe nyumbani ikae kwenye boksi lake. Kila nikibadilisha filta sasa naikata kuikagua. Ya mwisho niliikata juzi. Karatasi ilikuwa nyeusi tu, haimeti popote.