Wakala wa vyuo vya India: kupelekwa nyota tano, kurudi nyota moja

Ofisi ya wakala huyu iko Kinondoni, Dar es Salaam, ghorofani. Jina silitaji, maana ninayoyasema yanazihusu ofisi nyingi za aina hiyo, na dada wa mapokezi bado tunasalimiana vizuri. Nilikutana nao Mnazi Mmoja kwenye maonesho ya vyuo vikuu, pale kila banda linapogawa kalamu na vipeperushi. Wakanipeleka Punjab, India, kusoma uhandisi ujenzi, miaka minne. Nimerudi, nimehangaika na kazi, nimepata. Basi nawapima kwa kurudi na kutafuta kazi, hatua ambayo wateja wao hawajaifikia siku wanapoombwa maoni. Yale maoni yaliyobandikwa ukutani kwao ni ya watu waliopata viza juzi.

Kwenye kusafirisha sina neno. Barua ya udahili ilitoka mapema, hati ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ya kutokuwa na pingamizi waliifuatilia wao, viza hivyohivyo, na Delhi tulimkuta kijana anatusubiri na bango. Ada yao ilikuwa laki tano. Chuo nacho huwalipa kamisheni kwa kila mwanafunzi. Hawakufichi, ila mpaka uulize. Ndiyo sababu orodha yao ina vyuo vichache na vyote ni "vizuri sana". Kujiandikisha uhamiaji wa kule ndani ya siku 14 tulisaidiwa na Watanzania tuliowakuta hosteli. Dogo hilo.

Baba aliuliza swali moja tu: "Akirudi, hiki cheti kitampa kazi?" Kijana wa ofisini akatabasamu. "Mzee, cheti cha nje kina uzito wake." Uzito kweli kinao, nimeubeba.

Chuo changu kilitupa kwanza cheti cha muda. Chenyewe kikaja baada ya mahafali, na mahafali yakasogezwa mbele. Sasa fungua tangazo la Sekretarieti ya Ajira, wanaoajiri kwa niaba ya serikali, shuka mpaka kwenye masharti ya jumla: matokeo ya muda hayakubaliwi, na aliyesoma nje vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika, ambayo kwa shahada ni TCU. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha sita wanapakia nyaraka kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi hizo, mimi nasubiri kifurushi kutoka Punjab. Kilipofika ndipo nikaomba utambuzi TCU, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi nako wakaitaka karatasi hiyohiyo kabla ya kuniandika mhandisi mhitimu. Hakuna hata hatua moja hapo iliyo ya siri. Wakala angeweza kuziandika kwenye nusu ukurasa.

Halafu alama. India nilipimwa kwa kumi, sisi huku tunapima kwa tano. Tangazo linasema GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.5, mimi nina 7.9. Afisa rasilimali watu mmoja aliitazama transkripti yangu akauliza, "Hii ni kati ya ngapi?" Ukigawa kwa mbili unapata 3.95, lakini nani kasema hesabu ndiyo hiyo? Nilipoipata barua ya TCU nikawa naiweka juu kabisa ya bahasha, juu hata ya cheti chenyewe.

Usaili nao. Kampuni moja ya ushauri ilinipa boriti ya zege niisanifu. Mimi nimelelewa na IS 456, kanuni za India, ambako hesabu ya kawaida unazidisha mzigo wa kudumu na wa matumizi wote kwa 1.5. Wao mezani wana BS 8110 ya Kiingereza: 1.4 kwa mzigo wa kudumu, 1.6 kwa wa matumizi. Zege ni lilelile na nondo ni zilezile, ila ukisita mbele ya jopo wanaona hujui. Niliondoka pale bila kazi, nikaenda kujisomea BS usiku usiku.

Lakini kinachoumiza kuliko vyote hivyo ni watu. Aliyesoma uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amefanya mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni za hapahapa. Anawajua wasimamizi, na wao wanamjua kwa jina. Mafunzo yangu niliyafanyia Ludhiana, hukohuko Punjab. Mhandisi aliyenisifia huko ni bingwa, lakini simu yake haitapigwa na mtu wa Dar.

Kilichonitoa ni kitu ambacho wakala hakukitaja hata kwenye sifa zake. Kuna mradi wa maji wa miji 28 unaojengwa kwa mkopo wa India wa dola milioni 500, na wakandarasi wa Kihindi wamo. Mkandarasi mdogo aliyekuwa chini yao alitafuta mhandisi wa saiti. Kwenye usaili wawili wakaanza kuteta kwa Kihindi kuhusu mshahara wangu, nikawajibu kwa Kihindi changu cha sokoni. Wakacheka, mmoja mpaka akavua miwani. Nikaanza kazi Jumatatu.

Kwa hiyo wazazi, huduma ya safari ni nzuri, laki tano haijapotea. Ila kabla hamjalipa, waulizeni cheti halisi hutoka lini baada ya mtihani wa mwisho, na bodi ya taaluma ya mtoto inataka nini. Mdogo wangu anataka famasi. Nimemwambia aanzie Baraza la Famasi, Kinondoni atapita baadaye. Likizo ndefu mrudisheni mtoto akajitolee kwenye kampuni ya hapa, hata bila posho, nauli mkiimudu.

Na msikubali kuonyeshwa picha za uwanja wa ndege. Ombeni namba ya mhitimu aliyekwisha kurudi. Yangu wanayo.