Walipima mviringo wa paili, wakauita mparuzo

Milimita 18. Ndivyo ripoti ilivyosema kuhusu paili yetu ya pili (paili ni nguzo ya zege inayozama ardhini kubeba mzigo), ile ambayo ukipitisha kiganja ubavuni kinateleza kama imepigwa niru. Eti kutoka kilele cha juu hadi bonde la chini kabisa, mparuzo wake, yaani ukwaruzo wa ubavu, ni milimita 18! Kwa namba hiyo ningelaza kidole gumba ndani ya bonde kikapotea. Nimelipa hela kwa ajili ya namba hiyo, ndiyo maana nimekaa kuandika usiku huu badala ya kulala.

Huduma yenyewe ni kupima mparuzo wa paili za zege kwa skana ya leza. Kampuni imetoka Dar, jina naliacha. Zaidi ya kilomita 800 za barabara, Kitonga wameipanda kwa gharama yetu, na posho, na malazi, na siku ya kupumzika kwa sababu "Mbeya baridi sana". Sawa. Baridi tunayo, hilo siwezi kubisha.

Kwa nini tuliwaita? Saiti iko upande wa Uyole, na chini kuna huu udongo wetu wa majivu ya volkano uliochanganyika na pumisi, mwepesi, ukiuchimba unaporomoka. Tulifanya paili mbili za majaribio, kipenyo milimita 600. Ya kwanza tulichimba kwa oga, ile skrubu kubwa ya kuchimbia, shimo likasimama lenyewe, tukamwaga zege. Ya pili shimo liligoma, tukashusha kesingi ya muda, bomba la kuzuia udongo usiporomoke, tukamwaga, tukavuta kesingi. Mshauri akataka tuzifukue mita chache za juu aone ubavu umetokaje. Ana haki kabisa. Kwenye udongo kama huu paili haisimami kwa kitako peke yake. Mzigo mwingi unabebwa na ubavu unavyoshikana na udongo. Ubavu rafu unang'ang'ania, ubavu laini unaachia mapema. Kama njia ya kesingi inatuachia ubavu laini, basi urefu wa paili zote zilizobaki unapigiwa hesabu upya. Hiyo ni nondo, ni saruji, ni ugomvi na mwenye mradi.

Basi wakafika. Kijana mwenye mashine akashuka kwenye gari na miwani ya jua, asubuhi yenye ukungu ambayo hata crane huioni.

"Mambo dada. Injinia yuko wapi?"

Nikamwambia ni mimi.

"Hapana, injinia wa saiti."

Ndiye mimi.

"Ahaa. Sawa. Na bosi wako anakuja saa ngapi?"

Hayo nimeyazoea, nikayameza. Yaliyofuata sikuyameza. Paili zilikuwa zinang'aa maji kwa ule ukungu. Nikamwomba tusubiri zikauke, kwa sababu zege likilowa, mwanga wa leza mwingine unamezwa na mwingine unarushwa pembeni, haurudi kwenye mashine, na pale usiporudi ripoti inabaki na matundu. Akanijibu, "Dada, hii ni leza, siyo kamera ya simu." Foreman wetu, mzee wa Tukuyu aliyemwaga zege tangu huyu kijana hajazaliwa, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, subiri kidogo tu, jua la hapa likitoka linakausha haraka." Unajua alijibiwa nini? "Mzee, wewe shughulika na zege, leza niachie mimi."

Vibarua wote wakasikia. Mtu wa umri wa baba yake, tena pengine babu! Mzee hakusema neno, akarudi kuinama kwenye nondo zake. Kijana akaskani paili zikiwa zimelowa, akafungasha, akaondoka kabla ya chakula cha mchana.

Ripoti ilikuja baada ya muda mrefu kuliko walivyoahidi. Nzuri kwa macho, rangi nyekundu na bluu, jalada gumu. Hitimisho: paili ya kwanza milimita 23, ya pili milimita 18, "zote zina mparuzo mkubwa sana". Mshauri alipoisoma akafurahi. Mimi nilikuwa nimeshaigusa ile paili ya pili kwa mkono wangu.

Nikakaa na kiambatisho, nikaona walivyofanya. Walikata vipande vya mraba vya upana wa milimita 200 kwenye ubavu, kila kipande wakakipimia kwenye bapa: yaani programu imeweka sakafu iliyonyooka, ikasoma kila nukta iko juu au chini kiasi gani. Sasa jamani, paili ni duara! Chukua kalkuleta. Nusu kipenyo ni 300. Kipande cha upana wa 200, nusu yake 100. 300 mraba toa 100 mraba ni 80,000, kipeo chake 282.8. Toa kwenye 300, unabaki na 17.2. Kwa hiyo paili iliyosuguliwa hadi ikawa kioo, isiyo na hata chembe ya mparuzo, kwa njia yao ingesomeka milimita 17. Walipima mviringo wa paili. Mparuzo halisi umekaa pale kwenye kibakishi, kile kinachobaki ukitoa hiyo 17, namba moja juu ya paili laini na sita juu ya ile nyingine, na wao hawakuuona.

Hii ni ya darasani. Kabla ya kupima mparuzo wa kitu cha duara unaondoa duara kwanza, unailinganisha na silinda, kinachobaki ndiyo mparuzo. Nikapiga simu. Akapokea yuleyule. "Dada, hizo namba imetoa programu, mimi siwezi kubishana na programu."

Nikakata simu kabla sijasema jambo ambalo mama yangu asingependa kulisikia.

Mzee ndiye aliyelimaliza. Alichukua rula ndefu ya chuma, akaisimamisha kwenye ubavu kufuata urefu wa paili, siyo kuzunguka. Kwa urefu paili imenyooka, hakuna mviringo wa kukudanganya. Halafu akawa anapenyeza geji za bapa, vibamba vyembamba vya unene unaojulikana, kwenye uwazi kati ya rula na zege. Paili ya kesingi: geji ya milimita moja ilikataa kuingia karibu kila mahali. Paili ya oga: meno yameacha mifereji inayozunguka, na kwenye mifereji mingine zilipita geji zilizobandikwa pamoja hadi milimita sita. Rula na geji! Nilikuwa tayari kuandika nyota moja na kulala.

Lakini nikadai data ghafi, na wakazitoa, hilo niwape. Rafiki niliyesoma naye, yuko Iringa, akazipitisha kwenye silinda. Na hapo, kusema kweli, mashine ikanishangaza. Mifereji ya oga ikajitokeza yote, mzunguko kwa mzunguko, mpaka pale jino moja la oga lilipokuwa limevunjika unaona mfereji mwembamba kuliko wenzake. Rula ya mzee isingekuonyesha picha hiyo hata ukae wiki. Kwa hiyo skana ni nzuri. Ni nzuri sana. Nyota nne.

Hapana, tatu. Kwa paili laini haisaidii: skana ya kusimama kwenye tripodi ina mtetemo wake wa kipimo, namba zinachezacheza kwa milimita moja hadi mbili, na mparuzo wenyewe uko ndani ya hapo, kwa hiyo unachoweza kusema ni kwamba ni laini, siyo laini kiasi gani. Kwa hilo inatakiwa skana ndogo ya mkononi inayosogezwa karibu kabisa. Walikuwa nayo kwenye gari. Niliiona kwenye kisanduku chake.

Na matundu yapo. Upande wa mashariki wa paili ya pili, pale maji yalipokuwa yanachuruzika, hakuna nukta hata moja. Pameachwa weusi mtupu kwenye ripoti, na wameandika "eneo lisilofikika". Lisilofikika! Palikuwa mita mbili kutoka kwenye tripodi yake, palihitaji jua tu na adabu kidogo.

Basi mbili. Wenzangu wa Makambako na Mafinga wanaoniuliza kama niwape namba ya kampuni, nawapa, ila ombeni waje na ile skana ndogo, na hesabu ya silinda iandikwe kwenye mkataba kabla hamjalipa senti. Yule kijana msimpokee. Sisi tumelipa nusu. Nusu nyingine inasubiri ripoti mpya, pamoja na barua ya kumwomba mzee radhi, ambayo wameniuliza mara mbili kama kweli nimemaanisha.