Ripoti za CAG: ni za bure na zina mengi, ila hufika kwa kuchelewa

Mtu anayetaka kujua fedha za umma zilikwenda wapi wakati uchumi ulipobanwa hana pa kuanzia pazuri kuliko ripoti kuu za mwaka za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Makao ya ofisi hiyo yako Tambukareli, hapa hapa Dodoma, lakini huna haja ya kwenda huko: zinapakuliwa bila malipo kwenye tovuti yake, nao.go.tz, na matoleo ya Kiswahili yapo. Tunazipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano zimeipoteza kwa kuchelewa, na maelezo yake yanafuata chini.

Kwanza, usikosee mwaka. Mwaka wa fedha unaishia 30 Juni. CAG humkabidhi Rais ripoti kufikia mwisho wa Machi unaofuata, kisha Rais huhakikisha zinafika bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kianze. Ndiyo maana ripoti zilizotolewa Aprili 2024 ni za mwaka wa fedha 2022/23. Watu wengi, hata madiwani, hulinganisha ripoti ya Aprili na bajeti ya mwaka ule ule wa kalenda, wakaishia kubishana juu ya namba zisizohusiana kabisa.

Pili, chagua kitabu sahihi. Serikali Kuu, Serikali za Mitaa, mashirika ya umma na miradi ya maendeleo, kila moja ina kitabu chake. Ukiwa Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chemba, Kondoa au jijini, anza na kile cha Serikali za Mitaa. Tafuta jina la halmashauri yako ndani ya faili, halafu nenda moja kwa moja kwenye viambatisho mwishoni. Sura za mbele hutaja jumla ya fedha na idadi ya halmashauri. Majina na kiasi cha kila moja hukaa kwenye majedwali ya nyuma. Anayeishia kwenye muhtasari hatajua kama halmashauri yake imo.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukwama, jifunze lugha ya wakaguzi. Ukitafuta neno "wizi" utapata kidogo sana, kwa kuwa wizi huthibitishwa na mahakama. Tafuta "hayakuwasilishwa benki": ni mapato yaliyokusanywa kwa mashine za POS yasionekane kwenye akaunti. Tafuta "nyaraka pungufu", "bila risiti za EFD" (risiti za mashine za kodi), "bila ushindani", "hayakupokelewa na kamati". Maneno "matumizi yasiyo na manufaa" mara nyingi huhusu faini, riba ya kuchelewa kulipa na fidia za mikataba iliyovunjwa, yaani fedha iliyotoka bila kununua chochote.

Hapo hapo lipo kosa jingine: kushangilia hati ya ukaguzi, yaani maoni ya CAG juu ya hesabu. Hati inayoridhisha maana yake ni kwamba hesabu zimeandikwa kwa kufuata viwango na hazina kasoro kubwa ya kupotosha. Haisemi kwamba fedha imetumika vizuri. Halmashauri inaweza kupata hati safi na ikawa na hoja kumi za upotevu, yaani mambo ambayo wakaguzi wanataka yajibiwe. Mkurugenzi akija kwenye mkutano wa kata na hati tu, muulize hoja ngapi zimefungwa. Sura ya utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita ndiyo yenye jibu, na kwetu sisi ndiyo sura bora kuliko zote.

Thamani ya ripoti hizi huonekana zaidi kwenye fedha za dharura. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567.25, karibu shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya kukabili athari za UVIKO-19. Ndani yake yalikuwamo madarasa 15,000, kila moja likipangiwa shilingi milioni 20: jumla bilioni 300. Kazi ilifanywa kwa haraka, kwa mafundi wa kawaida chini ya kamati za shule, na haraka hiyo ndiyo huacha stoo bila leja na saruji bila hati ya mapokezi. Kuanzia Juni 2022, bei ya mafuta ilipopanda, ikaja ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Fedha ya aina hii hukaguliwa ikiwa imekwisha kutumika, basi nyaraka zake zinahitaji jicho kali zaidi.

Deni la serikali nalo lisomwe kwa miaka mitatu mfululizo. Juni 2022 lilikuwa shilingi trilioni 71.31, Juni 2023 likafika 82.25, Juni 2024 likafika 97.35. Kabla ya kulaumu mikopo mipya peke yake, tazama kiwango cha kubadilisha fedha. Deni la dola milioni 100 kwa shilingi 2,300 ni bilioni 230. Dola ikifika 2,600 ni bilioni 260, na hakuna senti mpya iliyokopwa. Mashirika yasomeke vivyo hivyo: hasara ya shirika la ndege la ATCL ilikuwa bilioni 35.24 mwaka 2021/22, kisha 56.64, kisha 91.8. Namba moja peke yake isingekuonyesha mwelekeo huo.

Sasa nyota iliyopotea. Ripoti za 2021/22 zilifika bungeni Aprili 2023, na mjadala wa taarifa za kamati za Bunge za PAC (hesabu za serikali) na LAAC (hesabu za serikali za mitaa) ukafanyika Novemba. Kati ya kufunga hesabu na wabunge kuhoji ilipita miezi kumi na sita. Katika miezi hiyo afisa amekwisha kuhamishwa, mzabuni amebadili jina la kampuni, na bajeti nyingine imepitishwa. Uchumi ukiwa shwari hilo linavumilika. Dola inapoadimika na bei kupanda, ni kuchelewa mno. Lakini zinapofika zina nguvu: Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, baada ya hoja za marejesho na vikundi hewa.

Kasoro ya mwisho inatibika kesho. Majedwali yamefungwa ndani ya PDF nene, na ukiyanakili safu huvurugika, tarakimu zikahamia halmashauri ya jirani. Ofisi iweke viambatisho pia kama faili za Excel. Kwa sasa, andika namba za halmashauri yako kwa mkono, pamoja na ukurasa, kabla ya kusimama kwenye mkutano.