Wasaidizi wa kisheria wa Kirumba: walivyonisaidia kuidai mashine yangu ya boti

Ofisi ninayoizungumzia iko Kirumba, Mwanza. Ukitoka soko la samaki la Mwaloni unapandisha kuelekea barabara kubwa, utaona chumba cha mbele kwenye nyumba ya wapangaji chenye bango lililopauka kwa jua. Ndani kuna meza mbili na kabati la mafaili, nje kuna benchi la mbao. Waliomo ni wasaidizi wa kisheria, siyo mawakili, na huduma yao ni bure kabisa. Sikuombwa hata hela ya karatasi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 haiwaruhusu kumtoza mtu wala kusimama mahakamani kwa niaba yake, na hayo mawili waliniambia kabla sijakaa vizuri.

Kilichonipeleka ni mashine ya boti, Yamaha 15, niliyoinunua kwa hela ya dagaa. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja Igombe akaniomba nimwazimishe kwa giza moja tu kwa sababu ya kwake ilikuwa kwa fundi. Kwa asiyeishi ziwani: dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, na mbalamwezi ikiwaka watu hupumzika na kushona nyavu. Kwa hiyo giza moja ni muda ambao kila mtu hapa anaujua unaanza lini na unaisha lini. Giza likaisha, mbalamwezi ikapita, mashine haijarudi. Nikipiga simu naambiwa "kesho shemeji". Baadaye simu ikawa haipatikani kabisa. Wachuuzi wanaotoka Ukerewe ndio walioniletea habari kwamba mashine yangu iko dukani kwa mtu kisiwani, imewekwa rehani.

Nilikuwa nimeshabisha milango mingine. Mwenyekiti wa mtaa aliandika barua ya wito kwa moyo mweupe, lakini shemeji hakuja, na mwenyekiti hana nguvu ya kumlazimisha mtu. Kituo cha polisi waliniambia hayo ni madai, siyo jinai, niende mahakamani. Wakili mmoja mjini alinitajia ada ambayo ingekula nusu ya thamani ya mashine. Wapo walionishauri niende kwa mganga, na wapo waliojitolea kwenda kuing'oa usiku. Hawa wa usiku ndio walionitia hofu zaidi, maana ukivunja mlango wa mtu kufuata kilicho chako, unaweza kuamka wewe ndiye mshtakiwa.

Aliyenihudumia pale Kirumba ni mama mtu mzima, miwani yake ameifunga uzi shingoni. Hakuniuliza kwanza shemeji ni mtu wa aina gani. Aliniuliza: mashine uliinunua wapi, risiti iko wapi, ulimkabidhi nani akiona, mliandikiana nini? Risiti ninayo. Kuandikiana kwa karatasi hakukuwepo, lakini shemeji alinitumia ujumbe wa sauti siku ile ile: "Shemeji, nimeipokea, Mungu akubariki, giza likiisha nakuletea." Aliuweka sikioni akausikiliza mpaka mwisho huku amefumba macho, kisha akanirudishia simu. "Hii usiifute, mayu (yaani mama). Hata ukibadilisha simu, hii ihame nayo." Akanieleza kwamba tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi, mradi uweze kuonyesha umetoka kwa nani na haukuchezewa. Akaniagiza pia nitafute namba ya mashine. Ilikuwa kwenye risiti, ile ile iliyo kwenye kibati cha kibanio kinachoishika mashine nyuma ya boti. Yamaha zilizopakwa bluu zimejaa ziwa zima, na bila namba mtu anakuonyesha nyingine akakuapia ndiyo hiyo.

Hapo ndipo nilipojua kumbe sheria inalijua jambo hili vizuri. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu mali ya mtu iliyokabidhiwa kwa mwingine ili irudishwe. Aliyepewa anatakiwa kuitunza kama mtu mwenye busara anavyotunza ya kwake. Muda ukiisha anatakiwa kuirudisha bila kusubiri adaiwe. Asipoirudisha kwa wakati, ikipotea au ikiharibika, hasara ni yake. Nilidhani kwa vile sikuchukua hata shilingi ya kukodisha basi sina pa kusimamia. Sivyo. Kuazimisha bure hakumpi mtu mali.

Kuhusu rehani, yule mama alikunja uso. Huwezi kumwekea mtu rehani haki usiyokuwa nayo, akasema, na mwenye duka hapati zaidi ya alichokuwa nacho aliyempa. Tena akanifungulia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 258, kinachoeleza wizi ni nini. Kuchukua au kujigeuzia mali ya mwenzako kwa nia ya kuitumia kama rehani kumetajwa mle waziwazi. Maana yake, mtu aliyechelewa tu kurudisha ni wa madai, lakini aliyeiuza, aliyeiweka rehani au anayekana kwamba hakupewa anaweza kuwa ameshaingia kwenye jinai, na polisi ukiwaendea na maelezo hayo pamoja na ushahidi, mazungumzo yanakuwa mengine.

Hakunisukuma niende huko. Aliniuliza ninachotaka ni mashine au ni shemeji afungwe. Nilitaka mashine. Yule ni baba mdogo wa watoto wangu, na akifungwa bado nitakuwa navua kwa makasia. Nikachagua madai.

Barua ya madai aliiandika mwenyewe kwa mkono, ukurasa mmoja: tarehe, jina la shemeji, mashine na namba yake, tulikubaliana nini na lini, irudishwe wapi ndani ya siku 14, na kwamba isiporudi nitafungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Mimi nilikuja na rasimu yangu yenye neno mwizi. Alilikata kwa mstari mmoja. "Hapa tunadai, hatutukani. Hakimu akiisoma amwone mdai mtulivu." Barua ilipelekwa na mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, wa mwalo anakopaki shemeji, na shemeji akasaini nakala kwamba amepokea. Nakala hiyo ndiyo iliyonibeba baadaye, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa.

Siku 14 zikapita kimya, nikaenda Mahakama ya Mwanzo. Kwa mali inayohamishika mahakama hizi zinasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 30, kiwango kilichopandishwa kwa marekebisho ya mwaka 2016, hivyo mashine ya boti inaingia bila shida. Unafungua pale anapoishi mdaiwa au jambo lilipotokea. Lugha ni Kiswahili, unajieleza mwenyewe, na ada unalipa kwa simu kwa namba ya malipo anayokupa karani. Yule mama alinionya juu ya tarehe: mdaiwa akipata wito asitokee, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja, lakini mdai usipotokea linaweza kufutwa. Kwa sisi tunaolala ziwani hilo ni la kushika sana. Nilipanga kuvua kwangu kufuata tarehe za mahakama.

Shemeji alipopata samansi, simu yake ikaanza kupatikana. Kabla hatujaanza kutoa ushahidi akaileta mashine, ameikomboa, sijui kwa hela gani. Propela imevunjika meno na kifuniko kimepasuka. Mbele ya hakimu tukakubaliana alipe matengenezo kwa awamu, makubaliano yakaandikwa na kusajiliwa, yakawa na nguvu ya hukumu. Wazee wa ukoo walikuwa wananilaumu kwamba nimepeleka mambo ya nyumbani barabarani. Nyumbani yalikaa muda mrefu bila mtu kuyagusa, na mwenye njaa nilikuwa mimi.

Sasa kasoro za ofisi, maana zipo. Faragha hakuna. Unaeleza shida yako huku wa kwenye benchi wanasikia kila neno. Siku moja dada mmoja alikuwa analia kesi ya ndoa yake na wachuuzi wanapita dirishani na madumu. Hilo liliniumiza, na pazia tu na chumba cha nyuma vingetosha. Mara nyingine unakuta kufuli bila tangazo, wamekwenda semina au kata nyingine. Kwa mtu aliyepanda daladala kutoka Igombe na samaki wake wanaharibika, hiyo siyo haki, waandike hata karatasi mlangoni. Na la tatu ni zito zaidi: walinieleza vizuri namna ya kufungua shauri, lakini hawakunieleza mapema kwamba hukumu haijitekelezi. Mdaiwa asipolipa, unarudi tena kuomba kukazia hukumu, na hapo ndipo mahakama inaweza kuamuru mali zake zikamatwe. Hilo ningependa kulijua tangu siku ya kwanza.

Kama mali yako ni kubwa kupita ukomo wa Mahakama ya Mwanzo, au mnagombania kiwanja, au upande wa pili ameshaweka wakili, tafuta wakili. Kwa cherehani, jenereta, pikipiki, taa na betri za dagaa, spika za harusi, nenda pale Kirumba, na nenda asubuhi. Beba risiti, namba ya kifaa, ujumbe wa simu ambao hujaufuta, na jina la mtu aliyeona mkikabidhiana. Nawapa nyota nne.

Awamu ya mwisho ya hela ya propela ilitakiwa ilipwe mwisho wa mwezi uliopita na haijalipwa. Karani ameshaniambia maombi ya kukazia hukumu yanapokelewa dirisha lile lile nililofungulia shauri. Jumatatu naenda.