Msaada wa sheria za ndoa mjini: wanajua kazi, foleni ndo tabu

Nimempeleka dada yangu kwenye ofisi yao hapa Zanzibar, ndoa imemshinda, tumepokewa vizuri na hatujatozwa hata shilingi. Yule bimkubwa wa pale kaeleza mpaka tukafahamu, kumbe Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Tanzania Bara tu, huku kwetu Muislamu anakwenda kwa kadhi, na Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 inamruhusu kadhi kuangalia na mali mlizochuma pamoja, si talaka na matunzo ya watoto tu. Mkristo yeye kesi yake haiendi kwa kadhi, anakwenda mahakama za kawaida. Ila foleni yakhe! Na fomu mnatoa kopi wenyewe nje, sijui kwa nini. Nyota nne, nendeni asubuhi na cheti cha ndoa mkononi.