Nimechomeka CD za zamani kwenye Xbox Series X, haya ndo niliyoyakuta

Kwanza niweke wazi, hii Series X, mashine ya gemu ya Microsoft, sikuinunua kwa ajili ya gemu mpya. Gemu mpya zipo tu nitazicheza, ila mi nlikuwa na boksi la CD za Xbox 360, mashine yangu ya zamani, limekaa uvunguni miaka na miaka, kila nikifagia nalisogeza afu nalirudisha palepale, siku moja nikasema hapana, hizi gemu zimenikesha usiku mwingi sana haziwezi kuishia kuliwa na vumbi. Ndo nikaanza kuulizia konsoli (mashine ya gemu) mpya ipi inakubali gemu za nyuma.

Kidogo nichemke mapema. Muuzaji mmoja aliniambia Series S na Series X ni kitu kilekile, moja ndogo moja kubwa, basi. Si kweli bwana. Series S haina mdomo wa CD kabisa, kila gemu unaidaunilodi, sa mtu una boksi zima la CD utazichomekea wapi? Na tangu 2024 kuna hata Series X nyeupe isiyo na mdomo, kwa hiyo usiangalie jina tu, angalia pale mbele kama kuna upenyo wa kuingizia CD. Mi nlichukua yenye mdomo.

Ya kwanza kuweka ilikuwa Red Dead Redemption, ile ya 2010. CD yangu ina mikwaruzo kama imepitiwa na paka, nikaifuta na fulana nikaisukuma ndani, mashine ikavuma kidogo ikanyamaza, afu ikaniambia gemu inabidi ipakuliwe kwanza. Nikabaki naiangalia. Ipakuliwe tena wakati CD si hii nimeweka?

Kumbe mambo yako hivi, na hili wengi hawaambiwi. Xbox 360 ilikuwa na chipu ya ukoo wa PowerPC, ila kuanzia Xbox One ya 2013, ile iliyofuata baada ya 360, wamehamia chipu za AMD zinazofanana na za kompyuta za kawaida, kwa hiyo maelekezo yaliyoandikwa kwenye ile CD kwa mashine mpya ni kama lugha ya kigeni. Walichofanya Microsoft kuanzia 2015 ni kuchukua gemu moja baada ya nyingine, kuifungasha upya pamoja na programu inayojifanya 360, kuijaribu, kisha kuiweka kwenye seva zao. Ukiweka CD yako mashine inasoma tu kwamba ee huyu anayo, inakushushia ile iliyofungashwa. CD imegeuka tiketi ya kuonyesha mlangoni, na ukiitoa gemu haichezi hata kama iko nzima kwenye diski ya ndani ya mashine. Ina maana pia kama huna intaneti siku hiyo ya kwanza huchezi kitu, hata uwe na CD inang'aa kama kioo. Afadhali gemu za 360 sio nzito, zilikuwa zinakaa kwenye DVD, sio hizi za siku hizi za GB mia.

Ikamaliza kushuka, nikabonyeza. Wajameni. Kabla gemu haijaanza inakuja ile nembo ya 360 na mlio wake, uleule, nikajikuta nacheka peke yangu. Afu kuna kitu kidogo kimenifurahisha kuliko vyote: ukibonyeza vile vitufe viwili vya katikati kwenye padi kwa pamoja, View na Menu, inafunguka menyu ya 360 yenyewe, ya kizamani, ndani ya mashine mpya. Gemu haijui kabisa kama imehama. Inadhani bado iko 360, yenyewe imetulia inaendelea na maisha yake.

Sevu zangu je, yani kumbukumbu za pale nilipofikia kwenye gemu? Hapa ndo nlikuwa na wasiwasi mkubwa. Nilifanya hivi: kabla ya yote niliwasha ile 360 ya zamani (ikawaka, sijui kwa maombi ya nani), nikaingia kwenye mipangilio ya sehemu za kuhifadhia, nikazihamishia sevu kwenye kilaudi, afu kwenye Series X nikaingia na akaunti ileile. Lazima iwe ileile, ukifungua mpya imekula kwako. Nikafungua gemu, ikatafuta kidogo, John Marston huyo, yule mhusika mkuu wa Red Dead, kwenye kambi yake kule nilikomwacha, na farasi wake, na hela zake, na ile misheni ambayo nliikimbia manake ilinishinda. Bado imenishinda, kwa taarifa yenu.

Picha sasa. 360 ilikuwa inatoa 720p, Series X hiyohiyo gemu inaitoa kwa 4K, yani pikseli (vile vidoti vya picha) mara 9, na hakuna mtu aliyechora upya chochote. Milima ya mbali ambayo zamani ilikuwa kama ukungu sasa unaona mistari ya mawe. Kasi imebaki fremu 30, yani picha 30, kwa sekunde, hiyo hawajaigusa, ila zile sehemu zilizokuwa zinakwama kwama ukiingia mjini zimenyooka. Gears of War ya kwanza ndo imenimaliza kabisa, hiyo iliwekewa FPS Boost, ule ujanja wa Microsoft wa kuongeza fremu, mwaka 2021 inakimbia fremu 60, nilicheza nusu saa nikahisi kama zamani nlikuwa nacheza nikiwa na usingizi.

Sasa machungu. Boksi langu lilikuwa na CD 14, zilizokubali ni 9. Tano zimekataa, mashine inakwambia tu hii haitumiki humu, kwaheri. Gemu za 360 zilizopitishwa ni zaidi ya 600, za Xbox ya kwanza kabisa, ile ya kabla ya 360, ni sitini na kitu, na mara ya mwisho kuongezwa ilikuwa Novemba 2021, zikaingia sabini na kitu kwa mpigo, wakasema hapo wamefika mwisho kwa sababu za leseni, za kisheria na za kiufundi. Kwa hiyo kama yako haipo kwenye orodha usikae kusubiri. Angalia orodha kabla hujanunua, mi nliangalia baadaye kama mjinga. Na zile gemu za Kinect za kuruka ruka mbele ya kamera sahau kabisa, Series X haina hata pa kuchomeka Kinect.

Katika hizo tano kuna moja ya mbio za magari ambayo bado inaniuma. Mashine ina nguvu ya kuiendesha hata ikiwa imelala, nguvu sio tatizo. Tatizo la gemu za namna hiyo ni makaratasi, ndani kuna nyimbo za watu, kuna majina ya kampuni za magari, mikataba ikiisha nani ataenda kuhangaika kuisaini upya kwa ajili ya gemu ya miaka hiyo?

Mdogo wangu yeye ana PS5, PlayStation ya Sony, na tulikuwa tunatambiana, ye anasema yake inacheza karibu gemu zote za PS4, na ni kweli, kwa sababu chipu za PS4 na PS5 ni za ukoo mmoja haina haja ya kuigiza sana. CD ya PS4 unaweka inaingia, hata padi ya PS4 inakubali ilimradi gemu ni ya PS4. Akanionyesha na ujanja mmoja wa Assassin's Creed Unity: aliiweka kutoka kwenye CD bila apdeti yoyote, intaneti amezima, ikakimbia fremu 60, alivyoruhusu apdeti tu ikarudi 30. Yani gemu ya zamani inakuwa bora ukiiacha na uzamani wake, nimecheka sana.

Ila nikamwambia haya weka CD ya PS3. Kimya. PS5 haisomi CD za PS3 wala PS2 wala PS1, gemu za PS3 kule unacheza kwa kustrimu kwa kulipia. PS3 ilikuwa na chipu inaitwa Cell, kichwa kimoja na vibarua kadhaa pembeni kila kimoja na kazi yake, kuiigiza ni shughuli pevu. Na inauma ukikumbuka PS2 walivyofanya mwaka 2000, walichukua chipu ya PS1 wakaiweka mlemle ndani, ukiweka gemu ya PS1 inaamka inaicheza, ukiweka ya PS2 inapewa kazi za kushughulikia padi na memori kadi. Mzee haachwi nyuma, anakabidhiwa funguo za geti.

Series X naipa 8 kwa 10. Mbili nimekata kwa zile CD tano, na kwa kunilazimisha nidaunilodi kitu nilichokishika mkononi.

Ile 360 nlitaka kuiuza nikaghairi. Nimeifuta vumbi nikairudisha chini ya tivii na zile CD tano juu yake, na lile tofali lake la umeme nimelisukumia nyuma ya kabati, jana usiku nlipotoka kuzima taa nimelikanyaga.